Nilivyompoteza Mama Mkwe Kwenye Misonobari ya Troodos

Jamani, mmeniuliza wote kwa zamu, wengine kanisani, wengine kazini, wengine kwa simu, na najua kabisa mlishasikia kwa Edina kabla ya kuniuliza mimi. Mlichosikia ni kwamba Festo wa Hayes ni mkwe wa kupigiwa mfano, kwamba hata ugenini, mlimani, kwenye hatari, alishika mila za kwao. Jumapili iliyopita mzee mmoja alinishika bega mbele ya watu akasema wakwe wa namna yangu wamebaki wachache. Nilitabasamu. Nilitabasamu kama mwizi aliyekaribishwa chai na mwenye nyumba.

Basi safari yenyewe ni hii, kutoka mlango wetu hadi mlango wetu. Habari za tiketi na viza siwasumbui nazo, Edina ndiye aliyezihangaikia. Na huyo Edina nimeshamwambia haya, juzi, jikoni, na alichonijibu ni mali yetu wawili.

Hayes, kabla ya kutoka

Kwa wasiotoka kwetu: mimi na mke wangu Edina ni Wabena wa Njombe. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni watu wa kukwepana. Huli naye meza moja, humtazami usoni, humpi mkono, humtaji jina, naye hakutaji lako. Siku hizi wengi wamelegeza, na hata kule nyumbani kuna vijana wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao kama mashabiki wa timu moja. Lakini mimi nililelewa na babu aliyekuwa akijitosa kwenye mahindi ya watu kila alipomwona mama mkwe wake anakuja na kapu lake. Nikakua nikijua hivyo ndivyo mwanamume mwenye adabu anavyofanya.

Sasa jaribu hayo katika fleti ya vyumba viwili, choo kimoja, huku Hayes, London. Mama yake Edina alikuja kututembelea mwanzo wa baridi, akakaa hadi majani yakachipua. Miezi yote hiyo nikitoka kazini ghalani nilikuwa nabaki ndani ya gari mpaka Edina anitumie ujumbe kwamba sebule iko wazi. Nikitaka kwenda chooni nilikuwa nakohoa kwanza, ili kama Mama yuko koridoni apate nafasi ya kurudi chumbani. Binti yetu Neema, ambaye Kiswahili anakisikia ila kukijibu ni mwiko, alikuwa akitoa kichwa mlangoni na kuuliza, “Dad, are you ill?”

Mama ni mwanamke aliyetembea maisha yake yote, shambani, sokoni, misibani, kupanda na kushuka vilima vya Njombe. Hayes alikaa dirishani akihesabu malori. Magoti yakaanza kumkaza. Siku moja Edina akanijia na uamuzi wake mkononi.

“Nimechukua leave ya wiki,” akasema. “Mama hawezi kurudi nyumbani akawaambie watu kwamba Ulaya aliona radiator ya ukutani tu. Nimepata mahali, Cyprus, kuna mlima na msitu wa paini na njia za kutembea. Neema atakaa kwa shangazi yake Hounslow. Tunakwenda wote watatu.”

“Wote watatu?”

“Wote watatu, baba. Mimi nitakuwa katikati.”

Nilikubali. Kwa kweli nilitafuta kila sababu ya kubaki, na zote zilikuwa na sura ya heshima. Edina ananijua, akazikataa zote kabla sijamaliza kuzisema.

Ndani ya ndege

Balaa lilianza kabla hatujaacha ardhi ya Uingereza. Edina alipewa kiti mbele kabisa, na mimi nikapewa kiti cha njiani, ubavuni mwa Mama aliyekaa dirishani. Mwendo wa saa nne hivi, bega kwa bega, na mkono wa kiti mmoja tu kati yetu! Nikabaki nimesimama njiani na mkoba wangu, watu wamejazana nyuma yangu hadi mlangoni.

Mhudumu akaniambia niketi. Nikamwambia siwezi kuketi karibu na huyu mama. Sikupanga maneno vizuri, nakubali, lakini kijasho chembamba kilishanitoka na Kiingereza changu kinanikimbia kila ninapokihitaji. Yule dada uso ukambadilika. Akaniambia kwa ukali kwamba abiria huyu hajanikosea kitu, na kwamba kama nina tatizo na watu basi nishuke. Mama mmoja wa safu ya pili akatikisa kichwa akasema ni aibu, mtu mweusi mwenzake.

“Ni mama wa mke wangu,” nikasema.

Kisha mzee mmoja wa Kiingereza, kofia usoni, akasema kwa sauti ya kusikika, “Mwacheni jamaa. Mimi mwenyewe nisingekaa na wangu.” Ndege nzima ikaangua kicheko. Wale Waingereza, mama mkwe kwao ni kichekesho tangu enzi za mababu zao, wakaona nimewapa burudani ya asubuhi. Edina akaja kutoka mbele, akabadilishana kiti nami, na tukachelewa kuondoka kwa sababu yangu.

Nilipokuwa naondoka niliona Mama amejifunika kitenge usoni. Hajui Kiingereza. Alichojua ni kwamba watu wote wale walikuwa wanacheka, na kwamba walianza kucheka baada ya mkwe wake kumnyooshea kidole. Nilipaswa kumwomba Edina amweleze. Nikasema nitafanya hivyo tukifika, na tulipofika nikaona mambo yameshapoa.

Limassol, Cyprus, tukisubiri basi

Basi la kwenda mlimani Troodos lilikuwa limeshaondoka. La pili, tukaambiwa, litakuja. Lini? Litakuja. Nilisikia raha kidogo kuona kwamba duniani bado kuna nchi ambako basi huja linapokuja.

Kituoni palikuwa na benchi moja kwenye kivuli na bibi mmoja wa Kisaiprasi, nguo nyeusi, kapu miguuni. Edina akakaa, Mama akakaa, mimi nikasimama juani hatua kadhaa mbali. Yule bibi akanitazama, akapapasa nafasi iliyobaki kati yake na Mama. Nikatikisa kichwa. Akapapasa tena, kwa nguvu. Nikaweka mkono kifuani kushukuru. Akaanza kunisema kwa Kigiriki kirefu, huku akilionyesha jua, kichwa changu chenye upara, na mbingu.

Kisha akafungua kapu akatoa mkate wenye zeituni ndani, akaumega. Mama akapokea kwa mikono miwili, akamwambia “Kamwene,” salamu ya kwetu, naye bibi akajibu kitu cha kwao. Mama akafungua furushi lake la karanga alizokaanga Hayes, akammiminia kiganjani. Wakakaa hivyo, mmoja akiongea Kibena na mwingine Kigiriki, wakionyeshana magoti yao, wakishika viuno, wakicheka. Sijawahi kumsikia Mama akicheka hivyo nyumbani kwangu. Nikajiambia ni hali ya hewa.

Kijijini, kwa Maroula

Tulifikia nyumba ya wageni ya mama anayeitwa Maroula, mjane, aliyeshona nguo kaskazini mwa London miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Kiingereza chake ni cha London hasa, mdomo haufungwi. Nyumba ni ya mawe, ina roshani ya mbao inayotazama bonde, na misonobari imeshuka mlimani hadi karibu kugusa paa. Mama aliposhuka kwenye basi alivuta hewa, akasimama, akavuta tena.

“Edina,” akasema, “hapa pananuka nyumbani.”

Chakula cha jioni Maroula aliandaa meza ya watu watatu. Nyama ya mbuzi iliyookwa polepole hadi inadondoka mfupani, viazi, jibini ya kwao ya kukaanga inayolia menoni ukiitafuna, na nyanya zenye ladha ambayo Hayes nimeisahau. Nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Maroula akaja kunifuata na kiti. Nikamshukuru. Akarudi, akaja na mto wa kiti. Akarudi, akaja na glasi ya divai, akaniinamia akanong'ona, “Umefanya nini, mwanangu? Una mwanamke mwingine?”

Nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

“Yaani unamheshimu sana mpaka huwezi kumpitishia mkate?”

“Ndiyo.”

“Na yeye anapata nini?”

Nikasema ni mila, haielezeki kwa Kiingereza. Akaondoka akitikisa kichwa. Nilikasirika. Nilisema moyoni, hawa watu wa Ulaya, wazee wao wanawapeleka nyumba za kulelea halafu wanatufundisha sisi adabu. Wala Maroula hakuwa amempeleka mtu popote, mama yake mzazi alikuwa amelala chumba cha nyuma.

Njia ya kwanza

Kesho yake tulitembea wote watatu, njia fupi inayozunguka kilele. Si njia ya kutisha. Ni ya udongo na sindano za misonobari zilizokauka, laini chini ya kiatu, na kila baada ya kitambo kuna benchi la mbao na kibao chenye jina la mti. Mingine ni misonobari mizee iliyopindwa na upepo ikaelekea yote upande mmoja. Chini unaona misitu, halafu mashamba ya mizabibu, halafu mbali kabisa bahari, nyeupe kwa jua.

Mpangilio ulikuwa kama alivyoahidi Edina. Mimi mbele, yeye katikati, Mama nyuma na fimbo yake aliyoiokota msituni. Mama akitaka kuniuliza kitu alimwambia Edina, “Mwulize baba Neema kama maji yanatosha,” nami ninamsikia vizuri kabisa, nangoja Edina aniulize, namjibu Edina, na Mama anangoja Edina amwambie. Edina mwishoni akasema, “Mimi nimekuwa mnara wa simu.” Tukacheka wote, kila mtu akitazama upande wake.

Mama alitembea vizuri kutushinda. Magoti yalifunguka. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo. Alisimama kugusa magome, alichuma majani akayanusa. Na kila alipoona maji yanatiririka alisema jina la mto fulani wa kwao.

Karibu na mwisho, kwenye mizizi, Edina akateleza. Kifundo kikavimba tukiona. Tulirudi kwa Maroula Edina akiwa ananiegemea, na Maroula akaja na barafu, siki na maoni yake.

Njia ya maporomoko

Sasa hapa ndipo ningependa kuruka, lakini ndipo mnapotaka kufika.

Kulikuwa na maporomoko ya maji, kushuka korongo kwa mwendo wa asubuhi moja. Mama alikuwa ameonyeshwa picha yake na Edina tangu Hayes, na kila siku alikuwa anaulizia. Asubuhi iliyofuata Edina alikuwa kitandani, mguu juu ya mito miwili. Mama akasema basi, si lazima, maji ameyaona mengi. Alisema hivyo huku ameshavaa viatu.

“Nenda naye wewe,” Edina akaniambia.

“Edina, unajua haiwezekani.”

“Utatangulia, yeye atafuata. Si lazima muongee. Wewe uhakikishe tu yuko nyuma yako. Kesho kutwa tunaondoka, Festo. Tafadhali.”

Nikakubali. Nikamwachia Mama nafasi kubwa, nikatangulia. Njia ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na mto chini unanguruma. Misonobari ni mikubwa hata jua linafika chini vipande vipande. Nilikuwa nikisikia fimbo yake nyuma yangu ikigonga mawe, ko, ko, ko. Sikugeuka. Mkwe hageuki kumtazama mama mkwe, atajuaje amejishika wapi, amekunja nguo vipi. Na hilo ndilo nililowaambia watu wote baadaye: sikugeuka kwa heshima.

Ukweli ni kwamba baada ya muda niliichoka ile fimbo. Ilinifuata kama deni la kanisa. Nilikuwa nimepakua kwenye simu uchambuzi wa mpira wa nyumbani, watani wa jadi walikuwa wamecheza mwishoni mwa wiki, na sikuwa nimepata nafasi ya kuusikiliza. Nikaingiza hedifoni masikioni. Nikaongeza sauti, maana mto ulikuwa na kelele. Na kwa sababu wachambuzi walikuwa wanabishana na mimi nilikuwa nabishana nao, nikaongeza na mwendo.

Heri ningekuwa nimesahau tu, lakini sikusahau. Nilijua kabisa kwamba simsikii, na nilifurahi. Nilitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Kipindi kilipokwisha nilikuwa nimekaa kwenye benchi njia inapopinda. Nikatoa hedifoni. Mto, ndege, upepo juu ya miti. Fimbo hakuna.

Nikadhani anajisaidia mahali. Katika hali hiyo mkwe hafai hata kuwa karibu, kwa hiyo nikakaa. Nikakaa mpaka kukaa kukawa kubaya. Nikaanza kurudi nyuma, na badala ya kuita, nilikohoa. Aibu hii ni yangu peke yangu. Mzee mzima, msitu mzima, napita nakohoa kwenye kila kona kama niko koridoni Hayes. Nilifika kona ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Nikachungulia korongoni, nikaona giza la miti tu. Nikaanza kukimbia.

“Mama!”

Kwenye uwazi juu ya korongo, mahali tulipopita asubuhi, familia moja ya Kisaiprasi ilikuwa inachoma nyama. Babu amekaa kwenye kiti cha kukunja, wanawe wawili wanazungusha mishikaki mirefu, wake zao wanakata limau. Nikawaangukia. Nikasema nimempoteza mama, mzee, kitenge cha kijani, fimbo.

Hawakuuliza mara mbili. Wale wanaume waliacha nyama motoni. Mmoja akaniuliza, “Anaitwa nani? Tuite nini?”

Nikafungua mdomo. Jina lake ninalijua, nimeliona kwenye pasipoti. Ni Yusta. Leo naliandika bila shida. Pale lilifika hapa kooni likagoma. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kulitamka, na ulimi ulisimama kama punda kwenye daraja. Mwanamke wa watu yuko korongoni, labda amevunjika, labda zaidi, na mimi nashindwa kusema silabi mbili.

“Mama,” nikasema. “Muite Mama.”

Basi msitu wa Troodos ukajaa wanaume wanaoita Mama. Walitawanyika kwenye miti wakipaza sauti, “Mama! Mama!” na wanawake wengine waliokuwa wakitembea njiani wakaitika kutoka pande zote, mmoja Mjerumani akaja mbio akidhani ni mwanawe. Mimi nilikuwa naita pamoja nao na sauti inanitoka ya kitoto.

Yule babu hakuweza kushuka. Alibaki kitini, akanishika mkono nilipompitia.

“Mwanangu,” akasema, Kiingereza cha kupapasa, “kabla hujaja, kule chini, tulimsikia mwanamke anaita. Anaita, anaita. Tulidhani anaita mtoto, au mbwa.”

“Alikuwa anaita nini?”

“Festo,” akasema. “Festo, Festo. Sauti kubwa sana. Festo ni nani?”

Sitaki kueleza nilivyojisikia. Waswahili husema uso umeumbwa na haya, nami siku ile niliamini, maana nilihisi uso wangu unawaka hadi masikioni, yale yale masikio niliyoyaziba.

“Ni mimi,” nikasema.

Akaninyooshea kidole upande ilikotokea sauti, nami nikateremka.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya mto, kiatu kimoja kimelowa, goti limechubuka, fimbo imevunjika vipande viwili mapajani mwake. Hakuwa analia. Aliponiona alitazama pembeni haraka, akashusha sketi ifunike goti. Wale vijana wawili wa Kisaiprasi walifika nyuma yangu wakanyoosha mikono kumnyanyua, akakataa kwa kichwa. Kisha akavua kitenge begani, akakizungusha kikawa kamba, akashika ncha moja na kunirushia nyingine. Hata pale alikumbuka kwamba mimi sipaswi kumgusa mkono. Nikavuta, yeye akapanda. Tulipanda korongo lote hivyo, kitenge kati yetu.

Juu tulikuta nyama imeungua upande mmoja. Walitukatia ule upande mzuri, wakaukamulia limau, wakamkalisha Mama kwenye kiti cha babu, naye babu akaninyooshea kidole akimwambia, “Festo!” Mimi nilikula nimesimama. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa ufedhuli, na sikumbuki ladha yake.

Kwa Maroula, Edina alikuwa roshani kwa mguu mmoja, ameshapiga mara nyingi simu yangu isiyoshika mtandao. Alipoona goti la mama yake akanigeukia.

“Imekuwaje? Festo, imekuwaje?”

Nikasema, “Nilitangulia. Sikugeuka. Unajua mimi na Mama…” Nikaishia hapo. Sentensi ile ilikuwa kweli neno kwa neno, na ilikuwa uongo.

“Mama, kwa nini hukumwita?” Edina akauliza.

Nikangoja. Mama alikuwa anafungua kamba za kiatu kilicholowa, polepole, macho chini.

“Ningemwitaje?” akasema. “Mkwe anaitwa? Nilitoka njiani mwenyewe kutazama maji, nikateleza. Nikakaa kimya nikamngoja. Naye ametafuta mpaka amenipata. Mpe maji anywe, amechoka.”

Edina akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tuwe wachumba. Akasema pole mume wangu. Hiyo ndiyo habari mliyoisikia ninyi, na aliyeitunga ni Mama.

Kushuka

Basi la kurudi Limassol lilikuwa nusu tupu. Edina alikaa mbele karibu na dereva ili anyooshe mguu, akasinzia kabla ya kona ya tatu. Mimi nilikaa katikati, dirishani. Mama alipanda mwisho, akapita, akakaa kiti cha nyuma yangu. Viti vingine vingi vilikuwa wazi.

“Baba Neema.”

Sauti ilitoka nyuma ya shingo yangu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu yeye kuzungumza nami bila mtu katikati.

“Naam, mama.”

“Usigeuke. Nisikilize tu. Yule mzee alikwambia kwamba nilikuita.”

“Aliniambia.”

“Kwa jina.”

“Kwa jina, mama. Nilikuwa nimeziba masikio. Nilikuwa nasikiliza mpira.”

“Najua. Nilikuona unaviingiza vile vitu masikioni.” Akashika mgongo wa kiti changu basi lilipopinda. “Nilianza na Baba Neema. Niliita, niliita. Nilipofika kona moja, wewe sikuoni mbele, nikachungulia chini, nikaona kitu cha bluu kimelala kwenye mawe, karibu na maji. Koti lako lile si la bluu? Nikasema mwanangu ameanguka. Hapo ndipo nikaita Festo. Nilifikiri, mtu aliyezirai hasikii heshima, labda atasikia jina lake. Nikashuka. Kumbe ni nailoni, watu wametupa.”

Nje misonobari ilikuwa inapita, na mimi siioni. Tangu juzi yake nilikuwa najilaumu kwamba nilimwacha akapotea. Hakupotea hata kidogo. Alikuwa ameiacha njia nzuri na salama, na magoti yale, akashuka korongoni kunitafuta mimi, wakati mimi nimekaa kwenye benchi nabishana na watu wa redioni.

“Kwa nini hukumwambia Edina?”

“Nimwambie nini? Angeuliza nilishukia nini kule. Ningelazimika kusema nilidhani mumewe amekufa. Maneno hayo hayaambiwi mke wa mtu.”

“Nisamehe, mama.”

“Nikusamehe nini, baba,” akasema. “Si u mzima?”

Mbele, Edina alizinduka, akageuza kichwa nusu, macho bado yamefumba. “Mama, unaongea na nani?”

“Nasali,” akasema Mama.

Edina akalala tena. Mimi niliegemeza paji la uso kwenye kioo nikalia kimya kimya hadi Limassol, na Mama nyuma yangu akajifanya hakuona.